Nimealikwa Sri Lanka na ratiba ina mahekalu ya Wabudha: nitaheshimu vipi bila kuabudu?

Mkaushaji wa Katonga (Kigoma) anauliza:

Ndugu zangu, Assalaam aleykum, na kwa wasio Waislamu salamu zangu ni zilezile za amani.

Mimi ni mkaushaji wa dagaa na migebuka hapa Katonga. Kikundi chetu kimenichagua mimi na mwenzangu mmoja kwenda Sri Lanka mwezi wa 6 kwa mafunzo ya wiki tatu ya kukausha samaki. Hati na tiketi ziko tayari, ila ratiba waliyotutumia wenyeji imeninyima usingizi usiku mzima, kwa sababu mwisho wa wiki ya kwanza watatupeleka Kandy kwenye hekalu linalohifadhi jino la Budha, na mwisho wa wiki ya pili watatupeleka Anuradhapura, mji wa kale wenye mti ambao Wabudha wa nchi ile wanauenzi kuliko mti mwingine wowote. Wameandika kwa upole kwamba asiyependa kwenda anaweza kubaki alipofikia. Mimi sipendi kubaki. Watu wanaonikaribisha mezani kwao ningependa niyaone yale wanayoyaheshimu.

Nimekulia Ujiji, na wageni nimewaona tangu utotoni. Wapo waliovua viatu mlangoni mwa msikiti bila kuambiwa na mtu. Wapo pia waliopita mtaani kwetu siku ya msiba, wakawapiga picha akina mama waliokuwa wakilia uani, na mmoja wao akapanda juu ya kinu kilichokuwa kimelazwa pembeni ili aone vizuri zaidi. Nilikuwa na umri wa miaka 12, na kile kinu kilikuwa cha bibi yangu ambaye ndiye aliyekuwa amefariki. Sitaki nami niwe mgeni wa namna hiyo katika nyumba ya mwenzangu.

Upande wa pili, mimi ni Mwislamu, na siwezi kuinamia sanamu kwa sababu tu kila aliye mbele yangu ameinama. Naomba basi mnieleze nivae nini, mikono na miguu yangu niiweke vipi, ishara zipi ni adabu tu na zipi ni ibada yenyewe, nisije nikafanya la ibada nikidhani ni adabu, au nikaacha la adabu nikidhani ni ibada. Ningeshukuru zaidi kujibiwa na aliyefika huko kwa miguu yake.

Mhandisi wa Mwanga (Kigoma) anajibu:

Waaleykum salaam, ndugu yangu. Niliishi karibu na Kandy kwa miaka 3 nikiwa masomoni, nami ni Mwislamu, kwa hiyo hofu yako naijua kwa jina na kwa sura.

Nianze na mavazi, kwa sababu hayo ndiyo yatakayoonekana kabla hujafungua mdomo. Mabega na magoti yafunikwe, kwa mwanamume na kwa mwanamke. Wenyeji wanapokwenda hekaluni huvaa nyeupe, kwa hiyo kanzu yako itakutoa vizuri sana, lakini kofia utaivua. Hapa ndipo Mwislamu wa Ujiji hukwama, kwa kuwa kwetu kofia ni sehemu ya adabu ya kuingia mahali patakatifu, ilhali kule adabu ni kuwa kichwa wazi. Ivue ukiwa bado nje, uikunje, uitie mfukoni. Viatu navyo vinaachwa nje kwa watunzaji wanaokupa kibao chenye namba. Kandy haina shida, lakini Anuradhapura uwanja ni mpana, mawe yake hupata jua tangu asubuhi, na ifikapo saa sita mchana utatembea kama mtu anayekanyaga kikaango. Nenda alfajiri. Wageni wengi huvaa soksi, na sikuwahi kuona wakizuiwa.

Mlangoni pa hekalu la Kandy, ambalo wenyewe huliita Sri Dalada Maligawa, utapekuliwa mwili na mzigo. Usikasirike. Mwezi Januari 1998 lori lililojaa mabomu lililipuliwa mbele ya hekalu lile na watu wakafa, kwa hiyo ulinzi ule umetokana na msiba wa kweli.

Ndani, jino lenyewe hutaliona. Limehifadhiwa katika makasha ya dhahabu yaliyopandiana, lile la nje likiwa na umbo la kengele, na saa za ibada mlango wa chumba chake hufunguliwa huku ngoma zikipigwa chini. Foleni hupita mbele ya mlango huo taratibu, kila mmoja akipata nafasi fupi sana. Watu watakuwa wameshika maua ya yungiyungi na asumini kwenye viganja. Kuna jambo dogo ambalo hakuna aliyeniambia mapema: ua linalopelekwa mbele ya Budha halinuswi. Mimi nilinusa. Bibi mmoja aliyekuwa nyuma yangu aliniangalia kwa huruma zaidi kuliko hasira, akanieleza kwamba harufu ile ni sehemu ya sadaka, na mtu hali kwanza chakula anachompelekea mwenzake. Ukipewa ua nawe hutaki kuliweka mezani, mpe mtu aliye karibu nawe kwa mikono miwili. Hakuna atakayekulazimisha.

Kuhusu mwili wako: usiielekeze nyayo kwenye sanamu. Ukikaa chini, kunja miguu kama unavyokaa kwenye mkeka wa maulidi. Stupa, yaani lile kuba kubwa jeupe lililojengwa juu ya masalia matakatifu, huzungukwa likiwa upande wako wa kulia. Nalitaja hilo kwa sababu miguu ya Mwislamu imezoea fikra ya tawafu, ambapo Kaaba huwa kushoto, na mimi siku ya kwanza nilijikuta nikikutana uso kwa uso na umati mzima.

Jambo linalowatia wageni matatani kuliko yote ni picha. Katika sehemu zinazoruhusu kamera unaweza kuipiga picha sanamu, lakini usisimame ukaipa mgongo ili upigwe picha nayo ikiwa pambo nyuma yako, usiiguse, usiikumbatie, usiiige jinsi ilivyokaa. Mwaka 2012 watalii watatu kutoka Ufaransa walihukumiwa kifungo cha miezi 6, kilichoahirishwa, kwa picha ambazo mmojawapo anaonekana kana kwamba anaibusu sanamu. Mwaka 2014 mtalii mwanamke kutoka Uingereza alizuiliwa na kufukuzwa nchini kwa sababu ya chale (tatuu) yenye picha ya Budha kwenye mkono wake. Ni kweli kwamba mwaka 2017 Mahakama ya Juu ya huko ilisema haki zake zilivunjwa na ikaamuru alipwe fidia, lakini hilo lilimfikia baada ya miaka mitatu.

Kwa hiyo, ndugu yangu, kagua begi lako. Nguo nyingi tunanunua mitumba, na nimeona kwa macho yangu sokoni fulana zenye picha ya kichwa cha Budha zikiuzwa pamoja na zile za timu za mpira. Hapa kwetu ni mchoro tu, ila kule ni jambo la polisi.

Kuhusu kuunganisha viganja kifuani na kusema "ayubowan", hiyo ni salamu. Maana yake ni kumtakia mtu umri mrefu, na utaipokea uwanja wa ndege, dukani na darasani. Niliijibu kila siku bila wasiwasi. Kuunganisha viganja hivyohivyo na kuviinua mbele ya sanamu, hapo ndipo penye ibada, na hapo mimi nilisimama wima, mikono chini, kimya. Katika miaka yote 3 hakuna aliyeniuliza kwa nini.

Muuguzi wa Tabora anajibu:

Kaka yangu, mimi nilikuwa Thailand kwa mafunzo, si Sri Lanka, ila Ubudha wa nchi zote mbili ni wa mkondo mmoja, ule wa Theravada, kwa hiyo mengi yanafanana. Nitaongeza kile ambacho ndugu yetu mhandisi, kwa kuwa ni mwanamume, huenda hakikumgusa. Kama huyo mwenzako ni mwanamke, tafadhali msomee haya.

Mtawa wa Kibudha haguswi na mwanamke, hata kwa bahati mbaya. Mwanamke haketi karibu naye garini, hampi kitu mkononi kwa mkono. Mimi nililijifunza hilo kwa aibu. Mtawa mzee alikuja kliniki tuliyokuwa tukijifunzia, akahitaji kujaza fomu, nami kwa ukarimu wa Kinyamwezi nikampelekea kalamu kwa mikono miwili, nimepiga goti kidogo kama ninavyompa mtu mzima yeyote nyumbani. Alirudi nyuma hatua moja. Hakukunja uso. Alitoa kitambaa cha rangi ya manjano mkunjoni mwa joho lake, akakitandika mezani, akashika ncha moja, na kwa macho akanionyesha niiweke kalamu juu ya kitambaa. Nikaiweka, akaichukua. Nilikaa siku nzima nikifikiri nimemtukana, mpaka mwalimu wetu aliponieleza kwamba kile kitambaa kilikuwa adabu yake kwangu, kwa kuwa angeweza kukataa tu na hakukataa.

Pesa pia usimpe mtawa mkononi. Kanuni zao zinawakataza kuzishika. Lipo sanduku la sadaka hekaluni.

Pale Bangkok, kwenye hekalu la Wat Phra Kaew, walinzi wa mlangoni huwarudisha waliovaa kaptura na mashati yasiyo na mikono, na katika jengo lenye sanamu inayoitwa Budha wa Zumaridi hakuna ruhusa ya kupiga picha kabisa. Jifunze pia kukivuka kizingiti bila kukikanyaga. Nilipokuwa mtoto bibi yangu alitukataza kuketi kwenye kizingiti cha mlango, kwa hiyo hilo halikunisumbua hata kidogo. Huko Myanmar, kwenye hekalu la Shwedagon, hata soksi zinavuliwa. Mwaka 2016 mtalii wa Uholanzi alifungwa miezi 3 katika nchi hiyo kwa kuchomoa waya wa kipaza sauti kilichokuwa kikitoa mahubiri usiku, eti kelele zinamkatisha usingizi. Sisi tunaoishi na adhana ya alfajiri upande mmoja na kengele ya kanisa upande wa pili tunaelewa vizuri kwa nini watu wale waliumia.

Mimi ni Mkristo, na ndani ya mahekalu yale niliketi nyuma, miguu nimeikunja upande, nikasali sala yangu moyoni. Dhamiri yangu haikunishtaki.

Mzee wa Ujiji anajibu:

Mwanangu mkaushaji, nimefurahi kwamba umeuliza kabla ya kupanda ndege.

Maulamaa wametofautiana kuhusu Mwislamu kuingia nyumba ya ibada ya wengine ambamo mna sanamu. Wapo wanaokataza, wapo wanaochukia, na wapo wanaoruhusu kwa masharti. Muulize sheikh wako anayekujua, naye atakupa jibu la kutulia nalo. Lakini katika jambo la kuwaheshimu watu wenyewe na kuacha kuwaudhi, hapo hakuna mvutano. Katika Suratul An'aam, aya ya 108, Mwenyezi Mungu ametukataza kuwatukana wale wanaoombwa badala yake. Na mtu hutukana kwa ulimi, na hutukana pia kwa mgongo wake, kwa kiatu chake na kwa kicheko chake.

Kwa hiyo lile alilolieleza mhandisi la kusimama kimya halina udhia. Kusujudu, kurukuu, kuwasha taa mbele ya sanamu, kuweka ua kwa nia ya kutoa sadaka, hayo mwachie mwenyewe. Kuvua viatu kusikukere, maana hata sisi tunavua. Na ukiona moyo wako unakuwa mzito kuingia chumba cha ndani, kaa uani chini ya mti, uwasubiri wenzako. Nako huko ni kumheshimu mwenye nyumba, alimradi usikae kwa kununa.

Ningependa pia ujue kwamba hutakuwa Mwislamu wa kwanza kufika kule. Waislamu wamekaa katika kisiwa hicho kwa karne nyingi, wengi wakitokana na wafanyabiashara wa Bahari ya Hindi, ile ile iliyowaleta watu na dini mpaka Ujiji yetu. Colombo kuna msikiti wenye mistari myekundu na myeupe uliojengwa mwanzoni mwa karne ya 20. Sali Ijumaa hapo, uwaulize wenyeji wake wanaishi vipi na majirani zao. Jibu lao litakuwa na uzito kuliko langu.

Mkaushaji wa Katonga anarudi:

Shikamoo mzee wangu, na asanteni sana nyote. Nimefungua begi usiku huu huu. Hakukuwa na fulana ya Budha, ila palikuwa na kaptura mbili ambazo nimeziacha.

Yamebaki mawili. La kwanza, wenyeji wameniandikia kwamba safari ya Anuradhapura itaangukia siku ya mwezi mpevu wanayoiita Poson, na kwamba barabarani watu watatupa chakula bure. Je, chakula hicho ni cha sadaka ya sanamu? La pili, ningependa kupeleka zawadi ya Kigoma. Mke wangu anasema nipeleke mawese, na mimi niliposoma kwamba kule wanawasha taa za mafuta hekaluni nikafikiri labda yangefaa. Sasa baada ya maneno ya mzee nimesita.

Mwongoza wageni wa Ujiji anajibu:

Ndugu yangu, hayo mawili nitamwachia mhandisi. Nimeingia kusema neno moja kutoka upande wa pili wa kamera.

Kazi yangu ni kuwapokea wageni pale penye kumbukumbu ya Livingstone na Stanley, walipokutana mwaka 1871. Pale si mahali pa ibada, lakini pana njia waliyopita watu waliofungwa minyororo, na wapo wazee wa hapa ambao hawapiti bila kunyamaza kidogo. Kwa miaka niliyofanya kazi hii nimejifunza kwamba mgeni anayekosea na mgeni anayedharau hawafanani hata kwa mbali. Anayekosea husimama ghafla akakuangalia usoni akitafuta kama amekosea. Anayedharau anaangalia simu yake. Yule wa kwanza nimemsahihisha mara nyingi na tukaendelea kucheka pamoja, na wapo walioniandikia barua baadaye. Kwa hiyo usiende ukiwa umekaza mwili kwa woga wa kukosea. Angalia nyuso za watu. Mtu akinyoosha mkono kukuonyesha jambo, acha ulichokuwa ukifanya hapo hapo, umsikilize mpaka mwisho, hata kama lugha hamwelewani.

Na kabla hujampiga picha mtu anayeomba, mwombe ruhusa, au uache. Picha ya mtu aliyefumba macho mbele ya Mungu wake, au mbele ya mwalimu wake kama wanavyomwita Wabudha, si ya kuchukuliwa na mpita njia. Kwa kile kinu cha bibi yako nakupa pole, ingawa miaka imepita.

Mhandisi wa Mwanga anajibu:

Ndugu yangu, una bahati kubwa. Poson ni mwezi mpevu wa Juni, siku ambayo Wabudha wa Sri Lanka wanakumbuka kuletwa kwa dini yao kisiwani na Mahinda, mwana wa Mfalme Ashoka wa India, katika karne ya 3 kabla ya Kristo. Dada yake, Sanghamitta, ndiye aliyekuja baadaye na chipukizi la ule mti ambao chini yake Budha alipata nuru, na chipukizi hilo ndilo mti utakaouona Anuradhapura. Umezungushiwa uzio wa dhahabu juu ya jukwaa, na mahujaji wanakaa chini yake, kwa hiyo usijaribu kusogea kwenye shina. Jani likianguka utaona watu wakilikimbilia na kulifunga kwenye leso. Waachie wao.

Siku hiyo umati utakuwa wa watu wengi mno, wote wakiwa katika nyeupe. Shikeni mikono msipotezane. Kwenye basi, kiti cha mbele karibu na dereva kimeandikwa kuwa ni cha viongozi wa dini, kwa hiyo msikikalie hata kikiwa kitupu.

Chakula cha barabarani kinaitwa dansala. Hakijawekwa mbele ya sanamu. Watu wa mtaa huchangishana, wakapika wali na mboga, au wakatengeneza chai na maji ya matunda, wakasimama kando ya barabara kumsimamisha yeyote anayepita, awe Mbudha au asiwe. Mimi kilinikumbusha watu wanaosimama na tende na uji njiani magharibi ya Ramadhani. Kula, ushukuru. Ukikataa bila sababu utawavunja moyo, kwa sababu thawabu yao wanaiona katika kula kwako.

Mawese usiyapeleke hekaluni. Taa zile ndogo za udongo zinawashwa kwa mafuta ya nazi, na kama mzee alivyosema, kuwasha kwenyewe ni ibada. Yapeleke kwa wenyeji wako, wayatie jikoni, uwaeleze yanavyokamuliwa huku kwetu. Ongeza na kitenge kimoja kizuri. Nao siku ya kuwapokea huenda wakakupa shada la majani mabichi yaliyopangwa vizuri, na utayatambua mara moja kwa sababu ni tambuu, ileile wanayotafuna watu wa Pwani. Kule ni alama ya heshima kwa mgeni na mkubwa. Yapokee kwa mikono miwili, na usiyaweke chini sakafuni.